Pete za Ufito wa Baba Mkubwa

Baba mkubwa alikuwa ameshaamua kuacha kuvua. Mgongo ulimtoa kwenye mtumbwi zamani. Kilichombakiza ziwani ni ufito wake wa kuvulia, ule wa kiwandani wenye gurudumu la kukunjia mshipi, na jiwe kubwa la ufukweni alilozoea kusimama juu yake. Sasa hata hapo, kila aliponasa samaki mzito, mshipi ulikatika.

"Mikono imekwisha," aliniambia nilipoteremka kutoka Mbinga kuwasalimia. "Siku hizi nawagawia samaki ndoana tu. Uchukue huo ufito, mwanangu, ukaangulie maparachichi huko kwenu milimani."

Mimi ni fundi cherehani. Uzi ukikatika-katika, mshonaji halaumu mguu wake. Anaangalia kwanza njia unayopita. Nikaomba pamba kidogo.

Ukitaka kujua kama pete ya ufito, ile ya chuma mshipi unamopita, imelika, usitegemee macho peke yake. Pitisha pamba ndani ya pete, uizungushe taratibu. Ikitoka safi, pete ni nzima. Kwenye pete ya ncha, nyuzi za pamba zilibaki zimenasa. Niliigeuzia jua, nikaona mfereji mwembamba kama unywele, umechimbwa ndani ya chuma.

Mshipi ule ni laini, unaweza kuukata kwa meno. Lakini kwa kupita tu, kwenda na kurudi, umebeba maji na chembe za mchanga, ulikuwa umekila chuma. Sikujua nishangae mshipi au mtu aliyeurusha mara zote hizo.

Pete za chini nazo zilikuwa na mikwaruzo, tena hata kwa nje, ambako mshipi haupiti.

"Hizi nani anazisugua?"

Mama mkubwa alikuwa majini akisugua sufuria kwa mchanga, kama wanavyofanya wote pale ufukweni. Akainua kichwa kwa fahari. "Mimi. Nikimaliza vyombo, nazipitishia mchanga na zenyewe."

"Kumbe ni wewe!" baba mkubwa akaruka. "Mimi nalaumu mifupa yangu bure!"

"Si ulikuwa unawaonyesha wenzako zinavyong'aa?"

Jirani alikuwa na ufito uliovunjika, ameusimika shambani utambaliwe na maharage. Alitupatia pete zake, nazo pamba ilizipita bila kunasa.

Kazi yenyewe haina haraka, na ukiwa na mikono mitulivu utaiweza. Pete ya ncha imeshikwa na gundi. Pasha moto chuma chake kwa mshumaa, mbali kidogo na mwali, ufito wenyewe usiungue. Gundi ikilegea, shika kwa kitambaa uvute moja kwa moja, usipinde. Hizi nyingine zimefungwa kwa uzi. Kata uzi kwa wembe juu ya mguu wa pete, pale wembe utakapogota kwenye chuma na sio kwenye ufito. Weka pete mpya, ya ncha kwa gundi na nyingine kwa uzi, kisha chungulia kutoka shinani hadi nchani mpaka zote zikae mstari mmoja. Zungusha uzi kwenye mguu wa pete na ufito, ukipita juu ya ncha ya uzi wenyewe, mizunguko ibanane. Karibu na mwisho laza kitanzi cha uzi mwingine, zungusha juu yake, ingiza ncha ndani ya kitanzi, ukivute. Ncha inazama chini ya mizunguko. Hakuna fundo hata moja.

Juu yake inafaa rangi ya kucha, iushike uzi usilowe maji. Nilipouliza kama ipo, mama mkubwa aliingia ndani, akarudi na kichupa chekundu.

"Hee! Hiyo unajipaka lini?" baba mkubwa akauliza.

"Ukienda kuvua."

Tuliiacha ikauke mpaka kesho yake mchana. Baba mkubwa akapanda jiwe lake, akarusha. Mshipi ulipita kwenye pete kimya. Alirusha tena na tena, halafu ufito ukainama ghafla, ncha ikagusa maji. Nguvu yote ile ya ziwa ilikuwa inavutana na mzee mmoja, na katikati yao pete ndogo zilizoshikwa na uzi ninaoshonea suruali. Nikanyoosha mkono nimsaidie.

"Toka hapo! Huyu wangu!"

Samaki aina ya mbasa alitoka aking'aa, mrefu kama mkono wangu. Mama mkubwa alipiga vigelegele. Baba mkubwa hakugeuka. Alimwacha samaki akirukaruka jiweni, akapapasa chambo kingine, akarusha.