Dobi wa Mkamwana Wangu

Mkamwana wangu ni msusi, na angebaki huko huko kwenye ususi. Lakini wapi, anatunga vitabu vya majini. Vitabu tisa, vyote vya msichana mmoja, Dobi, anayeona majini kwenye nguo chafu za watu wa mjini. Upuuzi mtupu. Navijua vyote kwa sababu anatunga kwa mdomo huku anasuka, nami nipo pembeni nachambua nywele za bandia. Akifika patamu ananyamaza. Mteja mwenye kichwa nusu ataenda wapi? Anabaki kubembeleza, "Dada, endelea basi!"

Kitabu cha kwanza Dobi alikuwa kilio tu. Jini likichungulia kwenye kola, huyo, anakimbilia kwa afande wa polisi. Nikamwambia mkamwana, "Huyu umemzaa wewe. Hata wewe ukisemeshwa na muuza maji unatetemeka." Akacheka. Kufika cha nne, Dobi analikamua jini kama shuka. Cha tisa, majini ya mji mzima yanapanga foleni mlangoni kwake, na afande anaomba ruhusa ya kupita. Na mtunzi wake je? "Ndiyo bosi, sawa bosi." Mtu mzima, mgongo laini kama godoro.

Bosi ndiye mchapaji. Tumbo na manukato, hakuna kingine. Hajawahi kusoma hata kitabu kimoja mpaka mwisho. Juzi kaingia saluni bila salamu.

"Cha kumi Dobi apoteze nguvu. Aokolewe na afande, waoane. Wasomaji wamechoka na mwanamke mkali."

"Wasomaji gani hao?" akauliza mteja kitini, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama ufagio.

"Wewe mama hujaulizwa." Akamgeukia mkamwana. "Jina la Dobi ni langu, tulikubaliana. Ukikataa nampa mwandishi mwingine."

Mikono ya mkamwana ikasimama. Nikageuza uso. Ile "ndiyo bosi" yake sikutaka kuishuhudia.

"Mpe."

"Unasemaje?"

"Mpe huyo mwingine. Mimi simrudishi utotoni. Na sogea, unaniziba mwanga."

Bwana mkubwa akatoka na manukato yake.

Ndipo mkamwana akaanza kulia, machozi yanadondoka kwenye kichwa cha watu. "Mama, nimempoteza Dobi."

"Umempoteza. Futa pua, mteja analowa."

Cha kumi kimetoka, kimetungwa na bwana mmoja mwandika matangazo ya sabuni. Dobi analia ukurasa wa kwanza, na wa pili pia. Sikutaka nisomewe zaidi.

Mkamwana naye kaanza msichana mwingine, fundi viatu, mwoga kama panya. Nikamwambia asinichoshe, umri wangu hauna nafasi ya kungoja vitabu tisa mpaka huyu naye aote meno.

"Mama, tulia, nasuka," akanijibu, bila hata kugeuka. Mimi, mama mkwe wake!