Ugomvi wa Chupa Nyekundu

Kazini walimwita Bi Kompyuta, maana alikuwa mkemia ambaye mikono yake haikunuka asidi hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kukokotoa. Molekuli ikipigwa na mwanga, elektroni zake hupanda ngazi ya juu, na kimo cha ngazi hiyo ndicho kinachoamua mwanga upi umezwe na sisi tuone rangi gani. Hesabu zake zilikuwa nzuri, naye alizitambia bila haya.

Basi kompyuta ikasema molekuli mpya ya mradi wao ina rangi ya manjano. Mwenzake wa chumba cha pili, aliyeitengeneza na kuipima, alikuwa na chupa nyekundu kama nyanya. Bi Kompyuta hakuumauma maneno: mbele ya mwalimu wao, aliyeongoza mradi, akasema sampuli ile ni chafu. Mwalimu akakunja uso. Kama ni chafu kweli, akasema, kikao kijacho mtu huyu anatoka kwenye mradi. Na mtu huyu alikuwa baba wa mapacha wachanga, hana kazi nyingine.

Mwingine angenuna. Yeye akasafisha upya, akapima upya, ikatoka nyekundu ile ile. Kisha akavuta kiti kando ya Bi Kompyuta.

"Dada, hebu nione ulivyoiweka hiyo molekuli."

"Hiyo hapo. Ina kasoro gani?"

"Mbona iko peke yake? Yangu mimi imo ndani ya maji."

Bi Kompyuta akaona kosa lake. Kwa pupa ya kuwahi jibu aliikokotoa katika ombwe, mahali pasipo na kitu chochote, akasahau kwamba maji huizunguka molekuli na kuishusha ile ngazi. Haraka haraka haina baraka. Akaweka maji, akaendesha hesabu upya. Kilele cha grafu, kinachoonyesha mwanga unaomezwa, kikasogea mpaka pale pale alipopima mwenzake: nyekundu.

Kikaoni mwalimu akauliza kosa lilikuwa la nani.

"Hatukuelewana tu," mwenzake akawahi. "Yamekwisha."

Wema ule ulitosha kumficha Bi Kompyuta, lakini akasimama.

"Kosa ni langu, mwalimu. Nilimchafulia jina, naye ndiye aliyeninyooshea hesabu."

Mwalimu akawaambia waandike ripoti pamoja. Nje ya mlango Bi Kompyuta akamshika mwenzake kwa mikono miwili.

"Ahsante, kaka. Ahsante sana."

"Ahsante haijazi karatasi," akamtania. "Jina langu litangulie kwenye ripoti."

"Nimeshaliandika la kwanza kwenye rasimu kabla hatujaingia," akasema, na machozi yakamtoka.