Winga Wangu wa Kushoto na Mwisho wa Shamba

Winga wangu wa kushoto alikuwa mvivu. Hivyo ndivyo nilivyosema siku ile, tena kwa sauti, ili duka zima lisikie.

Duka lenyewe lilikuwa Nyasubi, mjini Kahama, mwishoni mwa miaka ya tisini. Mwenye duka alikuwa Mhindi mmoja mzee, Mwislamu wa swala tano, aliyeuza karatasi, kalamu na madaftari ya shule. Pembeni aliweka kompyuta moja ya kuchapia, na mchapaji nilikuwa mimi. Miaka hiyo dhahabu ilikuwa imewavuruga watu akili. Kila aliyekuwa na shimo huko machimboni, wenyewe wanaliita duara, alitaka mkataba uliochapwa kati yake na wachimbaji wake, na aliutaka leo. Waliingia na vumbi lao, wakaniita mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama au dada kwa heshima, halafu wakanisimamia mgongoni kana kwamba nawaibia.

Ndani ya kompyuta hiyo, mpwa wa mzee kutoka Mwanza alituachia mchezo wa kusimamia timu ya mpira. Ulikuwa maandishi matupu. Hakuna uwanja, hakuna mpira, hakuna hata mguu wa mtu. Wewe ndiye meneja: unapanga kikosi, unapanga mazoezi, unanunua na kuuza wachezaji, kisha mashine inakuandikia nani kafunga. Wakati wa chakula cha mchana nilikaa kucheza, na mzee akavuta stuli yake kunishauri.

"Sasa mayu, mpira wenyewe uko wapi?" wateja waliuliza.

"Uko kichwani, kwa mwenye kichwa," niliwajibu.

Timu yetu ilikuwa ya Uingereza, ya daraja la chini, ya mji ambao hakuna kati yetu aliyejua uko upande gani wa nchi. Mzee aliipenda kuliko duka lake. Tulipofungwa, hata soda hakunywa.

Siku moja ukaja ujumbe. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha nne, tena kidato cha nne cha kufeli, nami nikautafsiri polepole: winga wa kushoto analalamika kwamba mzigo wa mazoezi ni mkubwa mno.

"Mzigo?" akadakia mchimbaji mmoja, mteja wetu wa kila wiki, bonge la mtu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. "Gashi! Kumbe wanabebeshwa na mizigo? Magunia?"

"Wanakimbia tu," nikamwambia.

"Kukimbia nako mzigo? Mlete huku nimshushe duarani, atasahau hata jina la mama yake!"

Duka likaangua kicheko. Nami nikacheka, tena kwa hasira, maana nilikuwa na yangu moyoni. Mimi nilifungua duka saa moja asubuhi na kulifunga saa mbili usiku. Na saa kumi na moja jioni, katika darasa la shule ya msingi si mbali na pale, mwalimu mmoja alikuwa anafundisha watu wazima tunaorisiti, yaani tunaorudia, mtihani wa kidato cha nne. Nilikuwa nimejiandikisha. Nilitaka chuo cha uuguzi, na kilichonizamisha mara ya kwanza ni hesabu. Mwalimu alishaniambia bila kuzunguka: nisipoanza kuhudhuria kabla msimu wa pamba haujaisha, nisijisumbue kuingia chumba cha mtihani. Mwaka huo ulikuwa wa mwisho kwangu. Nyumbani walishasema nikianguka tena nirudi Ushirombo nikaolewe.

Yote hayo sikumwambia mzee hata neno. Halafu mtu anayelipwa kukimbia kwenye majani mabichi ananiletea malalamiko! Ebo!

Nikamtibu kwa dawa ya baba. Baba yangu ujanani alikuwa nsumba ntale, yaani kiongozi wa kikundi cha vijana wanaolima mashamba ya watu kwa zamu. Alituambia kwamba mtu akilalamika katikati ya mstari kuwa shamba ni kubwa, humpunguzii. Unapandisha wimbo, jembe linakwenda mbio, wote mnafika mwisho mapema na kula. Dawa ya shamba kubwa ni jembe la haraka. Basi nikaongeza mazoezi, na si kwa winga peke yake. Timu nzima nikaipandisha hadi juu kabisa.

"Sawasawa, binti," mzee akasema. "Asiyetaka aende zake. Mawinga wako wengi."

Mungu wangu, hiyo dawa! Beki akaumia paja. Kipa akaumia bega. Washambuliaji wakawa wanamaliza mechi hoi, wamefungwa na timu zilizokuwa chini yetu. Winga akalalamika mara ya pili, nikamjibu anyamaze. Mashine ilikuwa na jibu la namna hiyo, nami nililipenda. Mara ya tatu akaomba kuuzwa. Tukamuuza kwa timu ya jirani, na tulipokutana nayo akatufunga mabao mawili.

Mzee alivua kofia yake akaiweka juu ya meza.

"Kijana wetu," akasema. "Kijana wetu mwenyewe!"

Kwa siku kadhaa aliniitikia shikamoo zangu kwa pua. Mimi sikumjali. Kilichonikera ni kwamba dawa ya baba, iliyolima nusu ya kijiji, imeshindwa na watu wa kwenye kompyuta. Baba si mwongo. Kosa lilikuwa wapi?

Nililiona jioni moja nikiwa katikati ya mkataba. Kando ya mkono wangu wa kushoto palikuwa na rundo la karatasi za kuchapa. Nikalipunguza, akaingia mtu akaliongeza. Nikalipunguza tena, akaingia mwingine. Nje watoto walikuwa wanarudi kutoka kuchota maji, kwa hiyo nilijua saa kumi na moja imepita na hesabu zimeanza bila mimi. Hapo jibu likanijia. Shamba lina mwisho! Vijana wa baba walilima mbio kwa sababu waliuona mpaka kwa macho yao, na mpakani waliuona moshi wa jiko. Winga wangu ningempandishia wimbo mpaka akauke koo, na bado baada ya Jumatatu ingekuja Jumatatu nyingine. Yule hakuwa mvivu hata kidogo. Alikuwa anauliza mpaka uko wapi, mimi nikamwambia anyamaze. Na mimi je, nilikuwa nalima shamba gani?

Kesho yake, saa kumi na moja kasoro, nilisimama. Duka lilikuwa limejaa.

"Mzee, kuanzia leo saa kumi na moja naondoka. Nasoma. Nina mtihani."

Akanitazama kama vile kiti ndicho kilichosema. "Na hizi kazi?"

"Nitazikuta kesho."

"Unataka kupunguziwa kazi?" Uso ulikuwa umemwiva. "Binti, ukitoka hapo mlangoni usirudi. Wasichana wanaojua kuchapa wako wengi mji huu."

"Hata mawinga walikuwa wengi, mzee."

Wateja wakageuka kututazama. Hata lile bonge la mchimbaji, ambalo mkataba wake ndio ulikuwa kwenye mashine, lilisogea kusikiliza.

"Yule alikuwa wa kwenye mashine," mzee akasema.

"Na mimi niko kwenye mashine hiyohiyo! Tangu saa moja asubuhi! Yule alilalamika mara tatu ukamlilia. Mimi hii ni mara yangu ya kwanza. Sikuombi unipunguzie kazi, nitalima kama unavyotaka. Nionyeshe tu mwisho wa shamba."

Nikachukua daftari langu nikapita katikati ya watu.

"Mayu! Mkataba wangu!" bonge likapiga kelele.

"Kesho saa moja!"

Niliogopa? Niliogopa sana. Darasani nilikaa dakika nyingi nikitazama ubao bila kuona kitu. Kama kazi imekwenda, kodi ya chumba imekwenda, na Ushirombo ilikuwa inaningoja na mchumba nisiyemjua. Lakini sikugeuka nyuma, na hata leo nikirudishwa pale nitapita mlango uleule.

Asubuhi saa moja nilikuwa kwenye kiti changu. Hakuna aliyeniita, na nilitaka nione nani ataniondoa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akalichukua rundo la karatasi, akaligawa kwa mikono miwili. Fungu moja akalitia kwenye droo. Fungu la pili akaliweka mbele yangu, na chini ya karatasi ya mwisho akachomeka rula ya mbao kutoka dukani.

"Mpaka hapo," akasema. "Ukifika hapo nenda kasome."

Kisha akavuta stuli. "Na mchana punguza mazoezi ya timu. Kwa wote."

"Umechelewa, mzee. Winga alishaondoka."

"Chapa kazi," akasema, "usinipandishe presha asubuhi."

Kuna siku alijaribu kuongeza karatasi na kuisogeza ile rula chini kidogo, akidhani sioni. Niliirudisha mahali pake mbele ya wateja, naye akajifanya anahesabu kalamu.

Hesabu nilipata D. Ilitosha chuo cha uuguzi, na anayeicheka D yangu aje aifuate mwenyewe baada ya kutwa nzima ya mikataba. Siku nilipokuja kuaga, bonge la mchimbaji lilikuwa pale, limemkuta msichana mpya kwenye kiti changu. Rula ilikuwa kwenye rundo lake.

"Mzee, huyu mayu naye umemuuza?" likauliza.

Mzee alikohoa, akaiweka kofia yake sawa.

"Sikumuuza," akasema. "Amemaliza shamba."