Mtu wa Tanga Niliyefeli Kiswahili

Nilifeli Kiswahili.

Si Kiingereza. Si Hesabu. Kiswahili.

Nimezaliwa Tanga, nimekulia Tanga, darasa la saba niliishia hapahapa Tanga. Cheka kwanza, ukimaliza usome.

Nilikuwa mkuu wa stoo ya viungo pale Usagara. Iliki na mdalasini vinashuka kutoka Amani, napima, naandika, vinapakiwa kwenda Horohoro, mpakani na Kenya. Mzee mwenye kampuni akafariki, akaingia mwanawe, Mudathir. Kijana mwenye adabu zake.

"Shikamoo, ami Luqmani."

"Marahaba."

"Cheti cha fomu foo unacho?"

Sina.

Akaniambia nikafanye Mtihani wa Maarifa, ule wa sisi tulioishia la saba, ndio mlango wa kuelekea fomu foo.

"Kiswahili na Hesabu usiniangushe, ami. Stoo ni kuandika na kuhesabu. Ukifeli hata moja, utaenda kulinda geti letu la Horohoro."

Msaidizi wangu Asheri, Msambaa wa Lushoto, naye akapewa sharti lilelile.

Mwalimu hatuna. Kila siku baada ya alasiri tulikaa juu ya magunia na vitabu vya kuazima, tunasoma huku tunapiga chafya. Mimi nilikomaa na Hesabu. Niliipeleka mpaka nyumbani, hadi mke wangu Hasina akauliza, "Huyo eksi unayemtafuta kila siku, ukimpata unamleta humu ndani?"

Kitabu cha Kiswahili sikukifungua.

"Kaka, ile kitabu ya Kiswahili huisomi?" Asheri akaniuliza.

"KILE kitabu CHA Kiswahili, HUKISOMI! Samaki unamfundisha kuogelea?"

Akaandika kitu kwenye karatasi.

Kesho yake: "Kaka, gunia hii imetoboka."

"Gunia HILI LIMEtoboka, we mtu wa mlimani!"

Akaandika tena. Mimi nikajua ananiandalia mashtaka kwa bosi. Nikazidi kumgombeza.

Mtihani ukafika. Hesabu nilitoka jasho, lakini nilijaza. Kiswahili nilimaliza wa kwanza chumba kizima, nikatoka nje kunywa kahawa.

Waliuliza kirai ni nini. Nikaandika: raia mdogo asiye na cheo.

Shamirisho? Vigelegele vya harusini.

Chagizo? Mtu anayekuomba mpaka umpe. Nikatoa na mfano, nikamtaja shemeji yangu.

Swali la ngeli nililiruka. Nilidhani limepotea njia kutoka Biolojia.

Matokeo yakatoka. Asheri akayafungua kwenye simu, palepale juu ya magunia.

Hesabu, C. Niliruka kama mtoto.

Kiswahili, F.

"Wamekosea hao," nikasema. "Hebu tazama yako."

Yake: Hesabu, C kama yangu. Kiswahili, B.

"Wewe? Wewe wa gunia hii?"

Akatoa zile karatasi mfukoni, zimekunjika, zinanuka iliki. "Kaka, kila uliponigombeza niliandika. Kile kitabu, vile vitabu. Gunia hili, magunia haya. Nilipofungua kitabu nikakuta ndizo ngeli zenyewe. Mwalimu wangu ulikuwa wewe."

"Ngeli ndiyo hayo?"

"Ndiyo hayo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, kaka? Nilijua unajua. Si wewe ndiye mtu wa Tanga?"

Nikazichukua zile karatasi, nikazisoma zote.

Mudathir alipopata habari hakucheka. Afadhali angecheka. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, kama mtu anayetoa pole msibani. "Ami, sharti ni sharti."

Wewe unayejisomea, nisikilize. Somo unaloliona la kwenu ndilo ulifungue kwanza. Kuongea ni kitu kimoja, kuulizwa ni kingine.

Na kama unataka kujua kilichonigharimu, ni hiki. Kazi moja, niliyoishika tangu sina mvi. Sasa ni ya Asheri, na anaifanya vizuri. Kitanda kimoja, maana nalala getini Horohoro, na Hasina kakataa kuhama. Mwaka mmoja wa kungoja mtihani mwingine.

Na Ramadhani moja, niliyofuturu na madereva wa malori.