Mteremko wa Feri

Harufu ya mbata ndiyo iliyonilea. Kwetu Likoni, miaka ile ya arubaini, nazi zilipasuliwa na kuanikwa juani nyuma ya nyumba, na harufu yake, tamu yenye ukali wa mafuta yaliyokaa, iliingia hata kwenye mto wa kulalia. Baba yangu, Mzee Hamisi, alikuwa hamali. Alisukuma mkokoteni wa mbata kutoka mashambani hadi kivukoni. Mimi nilikuwa mwanawe wa pekee, na miguu yangu ilipoozeshwa na homa kabla sijajua kusema sawasawa. Majirani wengine walimpa baba pole kama aliyefiwa. Yeye aliwajibu kwa upole, "Hujafa hujaumbika," kisha akaniuliza mbele yao nimesoma nini siku ile.

Maana nilikuwa nasoma. Kila asubuhi baba alitandika gunia mkokotenini, akaniketisha juu yake na kunipeleka shule kabla hajachukua mzigo wowote. Mama alitaka nijifunze kushona kofia kama wajomba zangu, kazi ya kukaa. Hakuwa na ubaya. Aliiogopa siku ambayo nguvu za baba zingekwisha.

Vuli ya mwaka wangu wa mwisho pale shuleni, tuliambiwa mtihani wa kuingia shule ya kati ungefanyiwa ng'ambo, kisiwani. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha sana na maji yamekupwa, kwa hiyo mteremko wa kuingilia ferini ulikuwa mrefu, wenye utelezi mtupu. Baba alijaribu kuushusha mkokoteni kinyumenyume. Gurudumu likateleza, mkokoteni ukapinduka, nami nikaangukia matopeni.

"Mzee, ondoa gari lako!" karani wa feri akapiga kelele. "Huyo mtoto anakwenda wapi na hali hiyo?"

Baba alikuwa ameinama akihangaika kuuinua mkokoteni. Nikajibu mimi, "Nakwenda mtihani, bwana."

Bi Mwanakombo, muuza samaki aliyekuwa akivuka na wanawake wenzake, akatua kapu lake. "Ati mtihani! Nanyi mwatazama tu? Haya, shikeni huku!"

Wakanibeba wanawake wale, wengine wakainua mkokoteni, na karani mwenyewe akaishia kusukuma gurudumu. Bi Mwanakombo akanipangusa uso kwa ncha ya leso yake. "Kaandike, mwanangu. Sisi twakuombea."

Nilifika nikinuka samaki na tope. Msimamizi alinitazama, akazitazama ngazi za kupandia chumba cha mtihani, kisha akaibeba meza mwenyewe akaileta chini, barazani. Matokeo yalipoonyesha nimefaulu, mama alilia kuliko sote. Ile kofia aliyoanza kunifundishia aliimaliza mwenyewe, akamvika baba.

Nilisoma hadi chuo kikuu, mbali na pwani. Maktaba ilikuwa ghorofani, na wenzangu walinipandisha kwa zamu miaka yote, asinisimange hata mmoja. Baadaye nikawa mtafiti wa chonga, mdudu anayetoboa kilele cha mnazi. Watu walicheka: mtu asiyeweza kupanda ngazi achunguze minazi! Lakini wakwezi waliniteremshia makuti yaliyoliwa, wakanisimulia waliyoyaona huko juu, nami nikaketi na hadubini yangu. Kweli mkono mmoja haulei mwana.

Siku hizi nikialikwa chuoni nakuta lifti na njia za magurudumu. Si kila mahali, lakini zipo. Juzi msichana mmoja wa mwaka wa kwanza, akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu, aliniamkia, "Shikamoo, Profesa," akaniambia kwa fahari kuwa amefika maabara peke yake, bila kumwomba mtu. Nilimpa hongera. Mimi sikufika popote peke yangu, na kila aliyenibeba namwombea heri hadi leo. Lakini ilinibidi kwanza nibahatike kukutana na watu wema. Yeye hakuhitaji bahati. Alikuta mlango u wazi, akaingia.