Vigelegele Vitano vya Kisigino

Kwa miaka mingi nilishuka kitandani kwa vidole, kama mwizi. Kisigino cha mguu wa kulia hakikutaka kuguswa na sakafu asubuhi. Nikikanyaga nacho tu, maumivu yanapanda hadi gotini, na mimi huyo nimeshika ukingo wa kitanda nikiuma meno. Nikishaenda jikoni na kurudi yalipungua, na mchana nilisahau, mpaka nikae kidogo na kutaka kuinuka tena. Sikuulaumu mguu wenyewe. Ulikuwa umebeba kahawa kwenda kiwandani, maji kutoka mtoni, na mabinti wanne tumboni na mgongoni, na sehemu kubwa ya maisha yake uliishi bila kiatu.

Nilijaribu maji ya chumvi. Nilijaribu kuviringisha chupa ya soda yenye maji moto chini ya unyayo. Mume wangu aliniletea raba kutoka mjini Nyeri, za kiume, akasema ati hakuna atakayeangalia. Kila mtu aliangalia.

Kilichonipeleka hospitali mwishowe ni ruracio. Binti yangu wa kwanza alikuwa amepata mchumba, na wakwe walikuwa wametuma neno kwamba wataleta mahari kahawa ikishachumwa. Siku kama hiyo wanawake wetu hucheza gitiiro. Wageni huimba nje ya lango, wenye nyumba hujibu kutoka ndani, wanataniana kwa nyimbo na kupigana vijembe hadi lango lifunguliwe. Mdundo ni miguu yenyewe, na anayeongoza hukanyaga kwa kisigino, kwa nguvu, ili wengine wamfuate. Kwenye mteremko wetu, chini ya Ruring'u, aliyeongoza ni mimi. Nilikuwa kiongozi wa kikundi chetu cha mabati, wanawake tuliochanga kila mwezi na kumwezekea mmoja wetu nyumba, na kila paa lililopanda lilipandishwa kwa sauti yangu. Kama nisingeweza kucheza ruracio ya binti yangu mwenyewe, wimbo ungechukuliwa na mke wa binamu wa mume wangu, ambaye sauti yake ni ya bati linaloburutwa kwenye changarawe. Nilimweleza daktari hivyo hivyo alipouliza shida yangu ni nini.

Alikuwa kijana, amesoma ng'ambo, na alicheka vizuri.

"Mama, kuna mshipa umekaza chini ya mguu, tutaukata kidogo. Na kuna mfupa umetokeza, tutauchonga. Lakini hiyo ni nusu ya kazi. Nyuzi zikitolewa, utembee. Kidogo, kila siku. Mguu ikilazwa, inazoea kulala."

"Na kucheza?"

"Ukitembea, utacheza."

Sasa lazima niseme habari za mama mkwe wangu, maana bila yeye mguu huu haungekuwa na hadithi. Aliishi nyumba ya pili uani kwetu, macho yake yakiwa yamefunikwa na ukungu, akiona weupe na weusi na watu kama vivuli. Binti yangu wa kwanza ana jina lake, kama desturi inavyotaka, kwa hiyo kizee huyu alimwita msichana "mimi", na mimi aliniita mama, kwa sababu nilimzaa yeye. Nami nilimwita mama. Wageni walichanganyikiwa. Ruracio hiyo aliiita ruracio yake, na akasema afadhali hii, kwa sababu ile ya kwanza iliharibika. Siku mbuzi wake walipoletwa, bwana mwenyewe hakuonekana. Alikuwa Nanyuki akichunga ng'ombe wa mzungu, mzungu alimnyima ruhusa, na ndugu zake wakaja kusimama mahali pake. Waliishi pamoja miaka mingi, wakapendana sana, na hakuacha kumlaumu kwa hilo mpaka alipomzika.

Jina la mzee huyo halikuwa limerudi. Mume wangu ni mwana wa pekee, na sisi tulipata wasichana watupu. Mama mkwe hakuwahi kunilaumu kwa neno. Lakini tangu nianze kuchechemea nilimwona akinigeuzia uso na kunisikiliza ninavyotembea, nikiyumba huku na huku, na nikashangaa kwa nini ananiwekea ndizi mbivu. Kwetu mimba haitangazwi. Watu huiona na kunyamaza. Nilipomwambia naenda hospitali kwa sababu ya kisigino, aliitikia vizuri, kama mtu anayejua kutunza siri ya mwenzake.

Baada ya kupasuliwa nilirudi kwa pikapu ya kubebea maziwa. Wanawake wa kikundi walikuwa wakinisubiri barabarani, na wote, kila mmoja kwa akili yake mwenyewe, walikuwa wamekuja na vitu wanavyopelekewa wazazi: mizigo ya kuni mgongoni, vibuyu vya uji, sufuria ya njahi, yale maharage meusi ambayo mwanamke hulishwa akijifungua. Hawakuwa wamekosea. Kwetu ulikuwepo ugonjwa mmoja tu wa kumpelekea mtu chakula kitandani, na walichojua ndicho walichofanya. Walinikalisha kwenye kiti, wanne wakanibeba, na wa tano akatembea kando yangu akiushika mguu wangu mikononi. Kulikuwa na ubaridi, basi alikuwa ameuviringishia shali nyeupe ya mtoto.

Mama mkwe alikuwa mlangoni kwake. Alisikia nyimbo, akasikia kuni zikitupwa chini, akaona kitu cheupe kikiletwa kimepakatwa. Akapiga kigelegele.

Akapiga cha pili. Kwetu msichana hupigiwa vitatu na mvulana vitano, na baada ya cha tatu wote tulisubiri kuona kama atakoma. Hakukoma. Alipiga cha nne, na cha tano alikivuta mpaka nikafikiri ataanguka. Upande wa pili wa bonde mtu akaitikia, na kutoka pale habari ikaenda yenyewe.

Nilicheka hadi nyuzi zikaniuma. Yule aliyeshika mguu alicheka hadi akakaribia kuuangusha. Kicheko kilipopungua walinisogeza mlangoni, naye akampa mama mkwe mguu aupapase.

"Ni mguu, cucu. Tulikuambia ni mguu."

Mikono yake ilipita juu ya shali, ikafika kwenye bandeji, ikakaa hapo. Sisi wote tuliona uso wake ulivyobadilika, na kicheko kikatuishia. Mimi nilihisi uchungu ambao haukuwa wa kisigino. Kisha akauliza, "Ni gani? Ya kulia ama ya kushoto?"

"Ya kulia, mama."

"Basi ni mwanaume. Kulia ni upande wao," akasema. "Vigelegele vikitoka havirudishwi." Na hapo hapo, mbele ya kikundi kizima, akaupa mguu wangu jina la marehemu mume wake.

Mume wangu alipata taabu. Kwenye foleni ya kahawa wanaume walimpiga mgongoni na kumwambia kumbe bado ana nguvu. Alisema ni mguu. Walimwambia mtoto huanza na mguu. Kulikuwa na mzee aliyetoka kule Kiganjo na kuku kwapani, kwa kuwa alikuwa rika moja na marehemu, na tulipomweleza alifikiri kidogo, akamwacha kuku. Mke wa binamu alikuja pia, akasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, akimtazama mama mkwe. Hakujua kwamba yule anaona vivuli lakini anasikia kila kitu. "Na wewe ukijikwaa sauti?" akamuuliza.

Basi nikalala. Nyuzi zilitolewa, daktari akarudia maneno yake, nikarudi nyumbani na kulala tena. Wanawake walikuwa na zamu, na mwenye zamu hakukubali nishushe mguu. Mzazi hashuki. Asubuhi uji, adhuhuri njahi, jioni mchuzi wa mbuzi. Tangu niolewe hakuna aliyewahi kuniletea chai kitandani, na sasa kulikuwa na ushindani wa nani ataweka maziwa mengi. Nilinenepa mashavu. Na chini ya utamu huo nilikuwa na hofu, nayo sikumwambia mtu. Nilikuwa nimeugusisha mguu sakafuni mara moja nikiwa peke yangu, ukawa mgumu kama wa mtu mwingine, nikaurudisha haraka kwenye blanketi. Nje kahawa ilikuwa inaiva. Mke wa binamu alikuwa anafanya mazoezi. Nilimsikia.

Asubuhi moja, kabla ya mwenye zamu kufika, mama mkwe aliingia na fimbo yake. Hakunisalimia. Alisimama miguuni pa kitanda akaita jina la mumewe, kwa ukali.

"Amka. Jua imetoka."

"Mama, ni mimi."

"Siongei na wewe." Akaugonga mguu kwa kidole. "Huyu mzee hajawahi kulala mpaka jua itoke. Alikuwa anaamka kabla ya jogoo. Sasa wewe unamlaza, unamlisha njahi, chakula ya wanawake. Unaniharibia jina. Mtoe nje."

"Itauma."

"Najua itauma. Hata yeye alikuwa analalamika asubuhi. Halafu anatembea."

Nilishuka. Alinishika mkono, na sijui nani alikuwa amemshika nani, maana yeye hakuona na mimi sikutembea. Nyasi zilikuwa na umande. Hatua ya kwanza niliipiga kwa vidole, kwa mazoea, akaisikia. "Huyo ni mwizi," akasema. "Mzee wangu alikuwa anakanyaga." Nikakanyaga. Niliona nyota mchana, na nililia, na yeye aliendelea kumsemesha marehemu kwa upole, ajikaze, wamebakisha kidogo tu kufika kwa kahawa. Tulifika mstari wa kwanza wa miti ya kahawa na kurudi. Kesho yake wa pili. Kikundi kilipotukuta huko chini shambani, kizee na mgonjwa wamekumbatiana, kilinuna siku moja na baada ya hapo kikajiunga nasi kwa wimbo.

Siku ya ruracio wageni waliimba langoni asubuhi yote, ndivyo nilivyotaka. Nilivaa zile raba za kiume chini ya leso mpya. Nilisimama mbele, mke wa binamu akiwa nyuma yangu mstari wa pili, nikavuta pumzi na kukanyaga. Kisigino kilikuwa na uchungu, lakini ni uchungu wa kitu kinachofanya kazi. Kilinibeba. Niliwatania wageni hadi mama wa bwana harusi akashika mbavu, na lango lilipofunguliwa nilikuwa nimelowa jasho na furaha imenijaa kifuani, nikiwa sijakosa mdundo hata mmoja.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na lango, na binti yangu, yule anayemwita mimi, amepiga magoti kando yake. Aliniita kwa mkono. Nilidhani anataka maji. Aliinama, akaifungua ile raba mwenyewe kwa vidole vyake vilivyopinda, akakishika kisigino, bado kina joto, na kukaa nacho hivyo huku mbuzi wakiingizwa.

"Amechelewa," akamwambia mjukuu wake. "Lakini amekuja."