Siku Jilala Alipomzuia Bibi Harusi Kulisha Ziwa

Jua halijapanda hata kiganja kimoja juu ya ghuba ya Nungwe, na Jilala Masele tayari ameingia majini mpaka magotini. Ameinama ubavuni mwa mashua, anautafuta mstari mweupe alioupaka kwa mkono wake mwenyewe. Hauoni. Umezama.

"Wanne washuke," anasema bila kuinua kichwa. "Na lile gunia la mchele nalo lishuke."

Watu wananung'unika. Leo si siku ya kushushana, ni safari ya harusi. Katikati ya mashua ameketi Esta, binti yake Jilala, amevaa gauni jipya na kitambaa cheupe kichwani. Anapelekwa kisiwani Kome kufunga ndoa na Gregory, mfanyabiashara wa samaki wakavu, na kila aliyewahi kumbeba mgongoni anataka kumsindikiza.

"Baba Esta, hata kwa mwanao?" anauliza nahodha Thobias, nusu utani, nusu kuomba.

"Kwa mwanangu ndiyo kabisa."

Wanne wanashuka, wawili wakisonya. Jilala anaukagua mstari tena, anauona umechomoza juu ya maji, kisha anarudi nchi kavu upesi upesi. Huyu ndiye msimamizi wa mwalo wa Nyabusalu, bandari hii ndogo ya mashua, aliyewekwa na baraza la mtemi, mwenye amri ya kusema nani asafiri na nani abaki. Lakini yeye mwenyewe hajapanda chombo cha majini kwa miaka minne. Maji yakipita magoti, anasema, pumzi inamkataa.

"Naogopa," anamwambia mwandishi wa habari hii, bila kuzungukazunguka. "Wenzangu wanasema mwanamume hasemi hivyo. Wao hawakuwamo."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na nyoka wa Jilala ni mashua iliyopinduka Mei mwaka 1951.

Jilala, ambaye sasa ana miaka arobaini na mitatu, hakuzaliwa mtu wa maji. Kwao ni Shinyanga, kwenye ng'ombe na pamba, ambako mtoto huonywa asichezee lambo na hadithi inaishia hapo. Alikuja Geita kama walivyokuja wengine wengi, kuifuata dhahabu, na kwa miaka sita alishuka shimoni mgodini. Siku moja paa la mwamba liliporomoka hatua chache mbele yake. Jioni ile alirudisha taa na hakuonekana tena.

"Nikaenda ziwani kupiga makasia kwenye mashua ya abiria," anasema. "Nilijiambia, angalau huku kuna hewa."

Anacheka kidogo, kicheko kisichofika mbali.

Kama maili moja kutoka mwaloni, njia ya kwenda Kome hupita mahali pembamba, kati ya miamba iliyozama na jiwe kubwa ambalo watu huliita Jiwe la Mwenye Ziwa. Tangu zamani hakuna anayelipita mkono mtupu. Mmoja hutupa ulezi, mwingine tumbaku, mwingine senti. Wakristo hutupa na Waislamu hutupa, halafu kila mmoja huangalia pembeni kana kwamba aliyetupa ni jirani yake. Kazi ya mpiga kasia wa mbele ilikuwa kupaza sauti mashua inapokaribia: "Lisheni ziwa!"

Na kwa kuwa njia ni hiyo moja, kwa aendaye Kome jiwe huwa upande wa kushoto daima.

Siku ile ya Mei mashua ilikuwa na watu ishirini na tisa. Leo mashua kama hiyo Jilala hairuhusu kuzidisha watu kumi na sita. Mpiga kasia wa mbele aliita. Watu wakainuka, wakanyoosha mikono kushoto, na waliokuwa kulia wakavuka kuja kushoto ili nao wafikishe. Maji yakaingia kwa ukingo mzima, kwa mara moja. Kumi na saba walikufa maji, mmoja wao akiwa Maduhu, mume wa Mbuke, dada mkubwa wa Jilala.

Mpiga kasia wa mbele alikuwa Jilala.

"Hapakuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti," anasema kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa kwa dada yake, ambaye ameketi mashuani kando ya bibi harusi.

Habari iliyofika mwaloni siku ile ilikuwa ya upepo. Nani aliyeianzisha, Jilala hajui. Anachojua ni kwamba hakuikanusha. Naye Mbuke, katika msiba wake, akaongeza ya kwake: kwamba mashua ilipinduka kabla Maduhu hajatoa tumbaku yake, na ziwa likachukua haki yake kwa nguvu. Tangu hapo Mbuke amekuwa mtu wa kulilisha ziwa kuliko wavuvi wenyewe. Kila mwezi huja ufukweni na konzi ya ulezi.

"Kila nikitaka kumwambia, ulimi unakuwa mzito," anasema Jilala. "Na kila mwezi anaokuja hapa na ulezi wake, unazidi uzito. Nilikuwa nakaa palepale nimemtazama."

Mwaka uliofuata msiba alikwenda barazani kwa mtemi akiwa na wazo alilolitoa mgodini. Kule, kizimba cha kuwashushia watu shimoni kilikuwa na mlinzi wake. Watu kumi wakishaingia, mlango ulifungwa. Wa kumi na moja angelia, angetukana, angetaja jina la bwana mkubwa, lakini alisubiri zamu nyingine.

"Nikawauliza wazee: shimo lina mlinzi, ziwa linakosaje?"

Wazee walicheka kwanza. Kisha mmoja wao, aliyekuwa amempoteza mjukuu katika mashua ile, akaacha kucheka, na wengine wakafuata. Wakampa kazi kwa shilingi thelathini na tano kwa mwezi, pungufu ya mshahara wake wa shimoni, na kopo moja la rangi.

Akapaka mstari kwenye kila mashua ya Nyabusalu, shibiri mbili chini ya ukingo. Akafunga madebe matupu yaliyozibwa chini ya mabenchi, ili mtu akianguka apate cha kushika. Akaomba kipande cha reli ya magari ya mgodini, akakitundika mtini, nacho hugongwa mawingu yakianza kujikusanya upande wa magharibi. Kikishagongwa, hakuna anayeondoka, hata awe na mgonjwa.

Na kibuyu. Hicho ndicho kilichomgharimu maneno mengi zaidi. Kabla ya kuondoka, kibuyu huzungushwa na kila abiria hutia alichonacho. Mpiga kasia wa nyuma hukimimina taratibu mbele ya jiwe, wengine wote wakiwa wameketi.

"Sikumkataza mtu imani yake," anasema. "Nilikataza kusimama."

Tangu aanze, hakuna aliyesafiri kutoka Nyabusalu akafa maji. Kwenye mialo mingine ya ghuba hii vilio bado vinasikika, na Jilala akivisikia usiku hulala macho wazi mpaka asubuhi.

Sasa kibuyu kinazunguka ndani ya mashua ya harusi. Kinafika kwa Esta. Naye, mtoto wa msimamizi, anajua la kufanya: ananyoosha konzi yake ya ulezi. Mbuke anamkamata mkono.

"Sivyo, ng'wanawane, mwanangu. Bibi harusi hatoi kwa mkono wa mpiga makasia. Utatoa mwenyewe, mbele ya jiwe, na sisi tuliokuleta tutasimama nawe."

"Sengi yake kasema kweli!" wanaitikia wanawake. Mmoja anapiga kigelegele. Thobias anajifanya anakaza kamba ambayo imekwisha kukazwa, maana hakuna nahodha mwenye akili anayebishana na shangazi wa bibi harusi.

Mbuke hajasafiri majini tangu afiwe. Kibuyu anakisikia tu. Jilala hakuwahi kufikiri kwamba siku ya kibuyu kumfikia dada yake itakuwa hii.

"Dada, tafadhali," anasema kutoka ufukweni. "Mkisimama wote upande mmoja..."

"Bhebhe, wewe Jilala, nyamaza! Maduhu alikufa kwa sababu mkono wake ulichelewa. Unataka na huyu achelewe? Aende kwa mume na deni la ziwa, azae watoto wa kuzika?"

"Basi mashua haitaondoka."

"Haitaondoka hapa," anajibu Mbuke. "Kuna mwalo kule nyuma ya matete. Kule hakuna mstari wala kibuyu. Tutashuka, tutatembea, na padri atatukuta Kome kabla ya saa tisa. Na wale wanne uliowafukuza watakuja nasi."

Anasema kweli, na kila mtu anajua. Kule nyuma ya matete hakuna wa kuhesabu vichwa. Jilala anaangalia upande ule, kisha anamwangalia binti yake. Esta ameinamisha kichwa. Ulezi unamchuruzika kati ya vidole.

Jilala anaiona tayari: watu ishirini wanainuka, kitambaa cheupe kinainuka pamoja nao, ukingo unashuka. Anaiona kama anavyoiona kila anapofumba macho, ila mara hii waliomo ni damu yake. Anaweza kunyamaza kama alivyonyamaza miaka minne, abaki na dada yake na heshima yake, kisha akae hapa akiomba Mungu.

Anaingia majini. Magoti yanapita. Mapaja yanapita. Maji yanamfika kiunoni na midomo imempauka, lakini anaukamata ukingo wa mashua mbele ya dada yake.

"Dada, hapakuwa na upepo."

Mbuke anamkazia macho.

"Siku ya shemeji. Hapakuwa na upepo. Mimi ndiye niliyekaa mbele. Mimi niliita watu walishe. Shemeji alikuwa upande wa kulia, ametulia zake, anazungumza na jirani yake. Aliinuka kwa sababu niliita. Na tumbaku aliitoa, dada. Niliiona kwa macho yangu ikianguka juu ya jiwe. Ziwa lilipewa chake lote. Tulikufa kwa sababu tulisimama."

Waliokuwa wakisonya ufukweni wamesimama wima.

"Ulimwona akiitupa?" anauliza Mbuke.

"Nilimwona."

"Miaka minne unakula kwangu. Unakula ugali wangu, unaniambia pole."

"Ndiyo, dada."

"Nami nakuja hapa kila mwezi kulipa deni ambalo halikuwapo. Na wewe umekaa unanitazama."

"Ndiyo, dada."

Uso wa Mbuke hausomeki. Anaushika mkono wa Esta, anaupeleka juu ya kibuyu, anaufungua kidole kimoja kimoja. Ulezi unaanguka ndani.

"Ukae, ng'wanawane," anasema. "Tukifika pale, hakuna wa kusimama. Mwenye kusimama nitamkalisha mimi."

Kisha anatia na tumbaku yake, anafunga kibuyu, anampa mpiga kasia wa nyuma. Kwa ndugu yake anasema maneno matatu tu: "Ondoa mkono huo."

Jilala anauondoa. Makasia yanaingia majini.

Anatoka akitiririka maji na hakai. Mwalo mzima umesimama naye: wauza samaki, wale wanne walioshushwa, na wachimbaji wawili walio likizoni, wanaongoja chombo cha kwenda Mwanza. Mashua inakuwa ndogo. Inafika penye njia nyembamba. Kutoka hapa hakuna sauti inayosikika. Kinachoonekana ni kitambaa cheupe na nukta ishirini hivi za vichwa, au kumi na sita, kwa yule anayejua kuhesabu.

Jilala anahesabu kwa midomo. Akifika kumi na sita anaanza upya.

Jiwe linaificha mashua. Mwanamke mmoja anaanza kusali kwa sauti, mwenzake anamshika bega. Muda unapita, mrefu kuliko kawaida yake. Kisha pua ya mashua inachomoza upande wa pili, na tanga, na kitambaa cheupe, vyote katika kimo kilekile.

Jilala anakaa mchangani na kulia mbele za watu, mtu mzima, na hakuna anayemcheka.

Baadaye, akiwa amejifunga shuka kavu aliloazimwa, anaeleza anachokitaka. Mwezi ujao baraza la mtemi litakutana, naye ataomba mstari na kibuyu viwe amri kwenye kila mwalo wa ghuba, kuanzia ule wa nyuma ya matete. Rangi ya kuanzia anayo ya mashua tano. Lakini rangi peke yake, anasema, haitoshi. Atasimama barazani na kusema aliyoyasema leo, mbele ya wajane wote wa mwaka ule.

"Nikiendelea kusema ni upepo, watapaka mstari na bado watasimama," anasema.

Na dada yake?

Jilala anaangalia maji, na woga wake bado uko palepale usoni.

"Wanarudi Jumamosi. Nitakuwepo hapa kumpa mkono ashuke. Anaweza kuukataa, ni haki yake. Ninachoomba ni kwamba awepo wa kuukataa."